Gurudumu Kwenye Kamusi ya Mikono

Fundi hakuwa mtu wa kuazima. Chumvi ikiisha nyumbani kwake jioni, alikuwa radhi kula mboga chapwa kuliko kumbishia hodi jirani. Alikuwa na ngazi yake, nyundo yake, na pampu yake ya baiskeli, ingawa baiskeli yenyewe iliibwa miaka sita nyuma. Mke wake alikuwa akisema kwamba siku ya kufa kwake, mume huyu atakwenda kaburini na jembe lake mwenyewe ili asiwasumbue watu. Ukimuuliza sababu, alikujibu kwa msemo aliourithi kwa baba yake: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aliusema msemo huo asubuhi na jioni, na wala hakujua kwamba kule kazini mwenyewe alikuwa anatembea uchi.

Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za shule ya watoto viziwi. Majengo matatu marefu, korido pana, na katika kila chumba taa mbili za dari zilizounganishwa na swichi moja ofisini, maana kengele ya shule hiyo ilikuwa taa. Zikiwaka na kuzimika mara tatu, kipindi kimekwisha. Mgeni wa mara ya kwanza alidhani umeme una kasoro na akaanza kutoa ushauri. Chumba cha Fundi zamani kilikuwa stoo ya mifagio, na harufu ya sabuni ya sakafu haijatoka mpaka leo. Ndani mlikuwa na meza, kiti, feni, na kompyuta moja kuukuu isiyozimwa usiku wala mchana, ambayo kazi yake ilikuwa kuhudumia ukurasa mmoja tu wa mtandao. Kompyuta ya namna hiyo wenye fani huiita seva. Fundi aliiita Bi Harusi, kwa sababu haikutoka chumbani na kila mtu alitaka kujua hali yake.

Ukurasa wenyewe uliitwa Kamusi ya Mikono. Uliandika neno, tuseme "mvua", ukabonyeza, na mtoto wa shule akatokea kwenye kijidirisha akikuonyesha alama ya mvua kwa mikono yake miwili, mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida na mara ya pili polepole. Maneno yalikuwa elfu moja mia nane na kumi na mbili. Yote yalirekodiwa na wanafunzi wenyewe mbele ya shuka la buluu lililopigiliwa misumari ukutani, kwa muda wa miaka minne. Wanafunzi waligombana nani arekodi "simba", na hakuna aliyetaka kurekodi "kuoga". Neno la kwanza kabisa, "nyumbani", lilirekodiwa na Kibonyo.

Kibonyo ni binti wa Fundi, miaka tisa, hasikii tangu kuzaliwa. Jina lake kwa lugha ya alama ni kidole kinachobonyea shavuni, kwa sababu ya kile kishimo anachotoa akicheka, na sisi tunaotumia masikio tukalitafsiri hivyo hivyo. Ni kwa ajili yake Fundi aliacha kazi nzuri zaidi mjini kati na kuja kukaa kwenye stoo ya mifagio. Hajawahi kujuta, isipokuwa siku feni inapoharibika.

Sasa huyu Kibonyo ana bibi, mama yake Fundi, anayeishi mbali, safari ya siku moja na nusu. Kwa miaka mingi walikuwa wakionana kwenye simu ya picha, naye Fundi katikati. Bibi anasema, Fundi anageuza maneno kuwa mikono. Mtoto anajibu, Fundi anageuza mikono kuwa maneno. Mwisho wake Bibi alikuwa akichoka na kusema tu, "Mwambie nampenda." Fundi anamwambia, mtoto anaitikia kwa kichwa, simu inakatika. Kila mara Bibi alibaki na jambo kooni. Siku moja akauliza, "Huo ukurasa wako mimi siwezi kuufungua huku?" Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya chai, Bibi alifungua Kamusi ya Mikono na kujifunza neno moja. Miaka mitatu sasa. Hakumwambia mtu amefika wapi. Ukimuuliza alisema, "Najikokota tu, baba," na bibi kizee akisema anajikokota, jihadhari.

Basi Jumatatu moja, kabla taa za kipindi cha pili hazijawaka, mlangoni kwa Fundi akasimama mzazi mmoja, kinyozi kwa kazi yake, bado ana nywele za watu kwenye mikono ya shati. Mkononi alikuwa na simu mpya kabisa, hata karatasi ya kioo hajaibandua.

"Fundi, samahani. Hivi siku hizi shule inachezesha kamari?"

"Kamari gani?"

"Hebu tazama mwenyewe. Nilitaka kumwambia mwanangu ahsante, nikaandika 'ahsante'. Ona kinachotoka."

Kikatoka gurudumu. Kubwa, la rangi kumi na mbili, linazunguka na kumwaga sarafu za dhahabu, na chini yake maandishi: BONYEZA USHINDE. Lilikaa hapo kwa muda mrefu wa kutosha mtu kuona aibu, ndipo likaondoka na kumwachia mtoto aliyekuwa nyuma yake nafasi ya kuonyesha "ahsante". Fundi aliishika ile simu kwa mikono miwili. Kwenye kompyuta yake mwenyewe hakuna kitu kama hicho. Kwenye simu yake pia hakuna. Lakini macho hayakumdanganya, na kinyozi alikuwa bado anamtazama.

Hapa sharti nieleze jambo, nalo si gumu. Ukurasa kama ule hautengenezwi na mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kuna vipande vya programu vya lugha iitwayo JavaScript, vilivyoandikwa na watu wengine na kutolewa bure. Kimoja kinachezesha video, kingine kinatafuta maneno, kingine kinapanga herufi. Watu huviita maktaba, na kuvitumia si dhambi. Dhambi ya Fundi ilikuwa kwamba hakuvichukua akaviweka kwake. Alipojenga kamusi miaka minne nyuma alikuwa na haraka, na maelekezo yote aliyosoma yalimwambia abandike mstari mmoja tu: ukifika hapa, kipande fulani kakichukue kwa fulani. Akabandika. Ikawa kila mtu anapofungua kamusi, simu yake inatumwa mbio kwenye seva za watu wasiojulikana, nchi zisizojulikana, kuomba. Mtu asiyeweza kuomba chumvi kwa jirani alikuwa anaombaomba mara elfu kwa siku kwa wageni.

Na mgeni mmoja kati ya hao, yule aliyekuwa akigawa kipande cha kuchezesha video, alikuwa amechoka na kazi ya bure akaiuza nyumba yake ya mtandaoni pamoja na jina lake. Walionunua hawakubadilisha kibao cha mlangoni. Walibadilisha kilichokuwa ndani tu, wakachomeka gurudumu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe si zako.

Mwalimu Mkuu aliitikia habari hiyo kwa mikono kabla ya mdomo. Mama huyu alizaliwa na wazazi viziwi, na hasira yake ilitoka kwa lugha yake ya kwanza: vidole vikubwa, viganja vinavyogongana, pete inalia. Ndipo akasema kwa sauti, taratibu, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Fundi, funga ukurasa."

"Mwalimu, nipe siku chache. Naweza kuusafisha."

"Wazazi wanatuamini na watoto wao. Wengine wamekuja kwetu baada ya kukataliwa shule tano. Leo tuwape kamari?"

"Kuna watu hawana njia nyingine ya kujifunza. Wapo mbali. Ukiufunga..." Alikuwa anamfikiria mtu mmoja, na aliona haya kumtaja mama yake katika mambo ya ofisi.

Mwalimu Mkuu akamtazama. "Ijumaa saa nne kuna mkutano wa wazazi. Utauonyesha ukurasa mbele yao, na yeyote atajaribu kwa simu yake. Likionekana hilo gurudumu hata mara moja, nafunga kamusi papo hapo, na sifungui tena mwaka huu."

Fundi akarudi kwenye stoo yake akahesabu. Vipande vya kuazima vilikuwa tisa. Alipoviona vimejipanga kwenye skrini, tisa, jasho lilimtoka ingawa feni ilikuwa inazunguka. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa hata nduguye hawakuwa.

Jumanne na Jumatano alivileta nyumbani, kimoja kimoja. Alifungua daftari jipya, na kwa kila kipande akaandika jina, namba ya toleo, siku aliyokichukua na mahali alipokitoa, maana alivitafuta kwa waandishi wenyewe wa asili, si kwa hao wachuuzi wa katikati. Alisoma karatasi ya ruhusa ya kila kimoja. Karibu zote zilisema jambo moja: tumia, nakili, weka kwako, ila jina langu usilifute. Watu wakarimu kabisa. Muda wote huo ungeweza kuvichukua kwa baraka zao, akajiambia, nawe ukabaki kusimama dirishani kwa wageni ukiomba. Vipande viwili aligundua havikuwa na kazi. Kimoja kilikuwa cha kudondosha maua kwenye skrini siku za sherehe, na hakukumbuka ni sherehe gani iliyomtia wazimu huo. Akavifuta. Saba vilivyobaki akaviweka ndani ya Bi Harusi, na ile mistari ya kwenda kuomba akaibadilisha yote iseme: kipo hapa hapa.

Alhamisi saa tano akafanya jaribio. Alipita ofisini akamwambia karani, "Nakata mtandao wa nje kwa nusu saa," na kabla karani hajapata neno la kupinga, akachomoa waya unaoleta intaneti shuleni. Walimu wakatoa vichwa madirishani. Shule nzima ikawa haina habari na dunia, isipokuwa kwamba ndani ya majengo yale matatu kompyuta bado zilimwona Bi Harusi. Fundi akafungua kamusi kwenye mashine yake. "Mvua": mikono ikacheza. Akajaribu kwenye simu yake. "Simba": mikono ikacheza, na kile kitoto kikatoa meno. Akaenda maktaba ya vitabu, akajaribu kompyuta zote sita. Sawasawa. Bila uzi mmoja wa nje, kamusi ilikuwa inakwenda.

Akarudisha waya na kutembea koridoni kifua mbele. Ingekuwa vema kama angemtafuta kinyozi akajaribu na ile simu yake mpya. Wazo hilo lilimjia, usiseme halikumjia. Lakini amwendee mtu saluni kwake, mbele ya wateja, amwambie naomba simu yako kidogo? Huko si kuazima? Akapita moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu na kuinua dole gumba. Mwalimu Mkuu akamwambia kwa mikono, "Kesho."

Saa kumi, watoto wametoka darasani, Kibonyo alikuwa amekaa juu ya meza ya baba yake akining'iniza miguu na kula karanga. Fundi akampigia mama yake kumpa habari njema, maana furaha ya mtu mzima haikamiliki mpaka mama yake ajue.

"Mama, shikamoo. Ile kamusi nimeitengeneza. Sasa ni yetu yote, hatuazimi kitu."

"Marahaba, baba. Hongera. Na lile gurudumu lako umeliacha?"

Fundi akakaa. "Gurudumu gani?"

"Lile linalozunguka kabla mtoto hajatokea. Lipo wiki ya tatu sasa. Nilidhani ni pambo lako. Nikasema huyu mwanangu naye, mapambo gani haya ya shule? Lakini sikutaka kukuvunja moyo, najua unavyonuna."

"Mama, umelibonyeza?"

"Mara moja. Likaniambia nimeshinda gari. Nikalifunga. Gari nilipeleke wapi na goti hili?"

"Na leo? Leo umelitazama leo?"

"Nimetoka kulitazama sasa hivi, nikirudia neno langu la asubuhi. Lilizunguka vizuri tu."

Kusema kweli, Fundi hakufanya vizuri hapo. Alimwambia mama yake kwamba simu yake ni mbovu. Akaongeza kwamba mtandao wa huko kwao una matatizo. Bibi alimwacha amalize, halafu akamjibu kwa upole ule unaochoma.

"Simu yangu ni safi kuliko zote katika ukoo huu. Kila nikimaliza kusoma nafuta vyote vilivyomo, kama ulivyonionyesha mwenyewe ilipokuwa inajaa. Mimi silali na vyombo vichafu, wala silali na simu chafu. Labda iliyojaa ni yako."

Fundi akageuka kuitazama kompyuta yake. Alikuwa ameelewa. Simu na kompyuta zina tabia ya kujiwekea akiba: kitu ulichokwisha kukichukua mtandaoni hufichwa ndani, ili kesho isilazimu kukifuata tena. Kompyuta yake, simu yake, na zile sita za maktaba zilikuwa zinafungua kamusi hiyo kwa miaka minne. Zilikuwa zimejaza matumbo kwa vitu vya zamani, vya kabla nyumba haijauzwa. Alipochomoa waya zikala akiba, naye akadhani zinakula chakula chake. Simu zisizokuwa na akiba yoyote zilikuwa ile mpya ya kinyozi, na hii ya bibi wa miaka sabini na moja aliyesafisha kila siku.

"Mama, naomba usikate. Samahani. Simu yako ni nzima."

"Najua."

Akafuta akiba yote kwenye mashine yake, akafungua kamusi upya. Gurudumu likaja likizunguka, hapo hapo mbele yake, kwenye stoo ya mifagio. Kibonyo akaacha kutafuna. Alimtazama baba yake usoni, kisha akauliza kwa mikono, bila kuficha, "Umekosea?"

"Nimekosea," baba akajibu kwa mikono.

"Sana?"

"Sana."

Kibonyo akafikiri kidogo, akamwekea karanga tatu kwenye kibodi.

Kosa lenyewe alilipata ndani ya dakika ishirini, kwa sababu sasa alijua pa kutazama. Kile kipande cha kuchezesha video alikileta nyumbani kweli, lakini kilikuja na mazoea yake. Katikati yake, mstari wa mia nne na kitu, kilikuwa na agizo la kumwita mwenzake, kipande kidogo kilichobaki kule kule kwenye nyumba iliyouzwa. Ni sawa na kumwoa mtu ukamleta kwako, kumbe kila siku mchana anarudi kula kwao. Fundi akakitafuta kile kidogo kwa mwandishi wa asili, toleo safi, akakikagua mstari kwa mstari, akakiweka ndani ya Bi Harusi kando ya mwenzake, akakiandika daftarini. Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu Jumatatu: aliupa ukurasa mzima amri kwamba usipokee kitu chochote kisichotoka ndani ya Bi Harusi. Likitokea lingine la kuita nje, lifungiwe mlango. Akafuta akiba tena. Akafungua. Mikono tu.

"Mama, fungua sasa."

Upande wa pili zikasikika kucha zikigonga kioo. Fundi aliona wazi jinsi kesho itakavyokuwa kama mama yake atasema lipo: Mwalimu Mkuu amesimama, ukurasa umefungwa, na yeye akirudi katikati ya watu wawili wanaopendana na hawawezi kuambiana neno.

"Ametokea mtoto," Bibi akasema. "Na ametokea upesi. Zamani nilikuwa nakwenda kutia maji birikani nikimsubiri."

Fundi alicheka mpaka Kibonyo akagusa koo lake kuona kama ni kicheko au kilio. Siwezi kuapa kwamba alipata jibu.

Ijumaa saa nne ukumbi ulijaa. Safari hii Fundi hakungoja ushauri wa aibu yake. Alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, mbele ya watu, akasema, "Ndugu yangu, naomba uniazime simu yako." Mke wake, aliyekuwa amekaa safu ya tatu, alishika kifua. Kinyozi akaitoa. Fundi akaifuta akiba yote mbele ya macho yao, akaiunganisha na mtandao wa ndani wa shule na skrini kubwa ya ukumbini, kisha akainua juu waya wa intaneti aliokuwa ameuchomoa, ili kila mtu auone unaning'inia.

"Sasa hatuna dunia," akasema kwa mdomo na kwa mkono mmoja. "Tuna hiki kilichomo humu tu. Andika neno lolote."

Kinyozi, mtu wa mzaha, akaandika "kamari". Ukurasa ukamjibu kwamba neno hilo bado halijarekodiwa. Watoto waliokuwa mbele wakagongana mabega kwa kucheka. Akaandika "ahsante". Ukumbi mzima ukaegemea mbele kutazama skrini kubwa. Kitoto cha darasa la pili kikatokea papo hapo, kikapeleka kiganja kutoka kidevuni kwenda mbele, mara moja haraka, mara moja polepole. Wazazi wengine wakatoa simu zao, wakajiunga na mtandao huo wa ndani. Bibi mmoja aliandika "mjukuu". Baba mmoja aliandika "pole" akaitazama mara tano. Kwa robo saa watu wakaandika na mikono ikajibu, na hakuna kilichozunguka ila feni za dari.

Mwalimu Mkuu alipita safu kwa safu akichungulia simu za watu bila hodi. Alipofika mbele akakunja mikono, na mikono yake ikikunjwa ujue amemaliza kusema. Kisha akaikunjua, akawaambia wote kwa lugha mbili kwamba kamusi inabaki. Ukumbini mikono ikapanda juu, vidole vikitikisika hewani, maana ndivyo wanavyopiga makofi pale, na Fundi akajikuta ameshika waya hajui auweke wapi. Mwalimu Mkuu akamwinamia sikioni. "Hilo daftari lako la vipande, nataka nakala yake ofisini. Na kila mwezi utachomoa waya, kwa simu ngeni." Fundi akakubali. Alikuwa mtu mwenye raha kiasi kwamba angekubali hata kupaka rangi choo.

Saa kumi na moja jioni, nyumbani, simu ya picha ya Bibi ikaingia. Fundi akaiegemeza kwenye kopo la sukari mezani, akakaa mahali pake pa siku zote, katikati, tayari kutafsiri. Kibonyo akasimama kando yake.

Bibi hakusalimu. Aliisimamisha simu yake huko aliko, akarudi nyuma hatua tatu mpaka mikono yake yote miwili ikaonekana, akaanza. Vidole vilikuwa vya kizee, viwili havinyooki, na alikwenda taratibu, lakini alama moja ilishika nyingine na zikawa maneno, na maneno yakawa habari. Kuku wa jirani. Jana. Ameingia jikoni. Nimemfukuza. Nimeanguka mimi, kuku amecheka.

Fundi hakujua kwamba mama yake amefika hapo. Alidhani ana maneno. Kumbe ana hadithi.

Kibonyo alitoa kile kicheko chake kikubwa kisicho na breki, akajibu kwa mikono yenye mbio. Bibi akainua kiganja: polepole. Kibonyo akarudia polepole, akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuwa safarini miaka na amefika. Fundi, kwa mazoea, akafungua mdomo.

"Mama, anasema kwamba yule kuku..."

Kiwiko cha Kibonyo kikampata ubavuni, kikamsukuma mpaka nje ya picha.

"Baba, tupishe," Bibi akasema kutoka upande wa pili, bila kumtazama.

Akawapisha. Alikwenda kukaa kwenye kochi, karibu na mke wake aliyekuwa akikunja nguo, akashika mguu wa suruali ili aonekane anasaidia. Miaka yote alikuwa mdomo wa mmoja na mikono ya mwingine. Aliona wivu, kwa nini nifiche, na aliona raha, na raha ilikuwa kubwa kuliko wivu. Kwa mbali aliwaona wakiendelea. Katikati ya mazungumzo Bibi alifanya alama moja ambayo Fundi hajawahi kuiona, Kibonyo akamtupia baba yake jicho, kisha wote wawili wakacheka kwa pamoja. Fundi akashika simu yake aitafute kwenye kamusi. Akakumbuka kwamba kamusi yake inaanza na neno ndipo ikuonyeshe mkono, na yeye neno hana.

Walipomaliza, akamwuliza Kibonyo ile alama ina maana gani. Kibonyo akamwambia amwulize Bibi. Akampigia Bibi. Bibi akamwambia amwulize mtoto wake.